Maneno ya Nyumba na Viwanja katika Kilwa Masoko

Habari za kale za Kilwa huanza kwa biashara ya ardhi. Tarikh ya Kiarabu ya mji huo yasimulia kuwa mgeni mmoja mwenye asili ya Shiraz alikikuta kisiwa kina mwenyewe, akakinunua kwa nguo zilizotosha kukizunguka chote. Mwenyewe akahamia bara. Kisha akajuta, akakusudia kurudi wakati wa maji kupwa. Mnunuzi akauchimba mkondo ulio kati ya kisiwa na bara, hata usiweze kuvukwa tena kwa miguu. Masimulizi ya Kiswahili, yaliyopigwa chapa mwanzoni mwa karne ya 20, yaeleza mambo kwa namna nyingine: mgeni alitoa zawadi, akaoa binti wa mwenyeji, na nguo zikatandikwa tangu kisiwani hata bara ili mzee apite juu yake.

Sikusudii kuamua ni ipi iliyo kweli katika habari hizi mbili. Hiyo ni kazi ya wanahistoria. Mimi nataka msomaji aone jambo moja tu. Nguo ni zile zile na kisiwa ni kile kile, lakini habari ya kwanza yasema palikuwa na kuuza, na ya pili yasema palikuwa na kutoa na kuoana. Aliyeuza hana lake tena. Aliyempa mkwewe mahali pa kukaa bado ana lake. Pengine watu wawili huweza kukabidhiana kitu kimoja, kila mtu na neno lake moyoni, wala wasijue kuwa hawakupatana.

Nimelazimika kuyafikiri haya kwa sababu ya jambo lililonikuta likizo iliyopita. Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, ana shamba la minazi nje kidogo ya Kilwa Masoko. Dalali alimletea mnunuzi, na mkataba ulikuwa umekwisha pigwa chapa, umebaki kutiwa dole gumba. Baada ya kuamkiana akanipa karatasi ile nimsomee. Nilipofika mahali palipoandikwa kuwa muuzaji anahamisha haki zake zote katika eneo hilo pamoja na vyote vilivyomo, akanisimamisha.

“Baba, hizo haki zote, na minazi imo?”

“Imo, shangazi.”

Akanyamaza kidogo. “Mimi nimewaambia nawapa mahali pa kujenga. Minazi sikuitaja.”

Dalali yule hakuwa mwongo, wala shangazi hakuwa mjinga. Kila mmoja alisema Kiswahili sanifu kwa kadiri ya soko analolijua. Katika makala haya basi nitayaeleza maneno machache yatumikayo leo Masoko katika kununua, kuuza na kupanga, ili ionekane jinsi maana zake zilivyobadilika kadiri soko lenyewe lilivyobadilika.

Masoko ni makao makuu ya Wilaya ya Kilwa, mji uliokabiliana na Kisiwani ng’ambo ya maji. Kwa muda mrefu mtu wa mbali aliyetaka kufika huku alihitaji subira kubwa. Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003. Gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974, ilianza kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2004. Lami ya barabara ya kusini ikaunganishwa katika muongo uliofuata. Na Septemba 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi la bandari ya uvuvi hapa Masoko. Kila moja la mambo haya lilileta watu waulizao ardhi, na kila kundi lilikuja na msamiati wake.

1. Nyumba na ardhi yake

Katika pwani yetu ya Waswahili, ardhi na kilicho juu yake ni vitu viwili vilivyoweza kuwa na wenyewe wawili. Mtu aliweza kuwa na minazi katika shamba la mwenzake, akaiangua, akaiweka rehani, hata akairithisha, pasipo kudai kuwa udongo ni wake. Mombasa mpaka leo wako watu wengi wenye kile kiitwacho nyumba bila ardhi: nyumba ni mali yao, lakini kiwanja ni cha mwingine, nao humlipa huyo kodi ya mahali. Mtu aliyekulia katika desturi hii, akisema “nauza nyumba”, amesema hasa neno alilokusudia: nyumba, si zaidi ya hapo.

Sheria ya Tanzania nayo, kwa njia yake, imeitunza tofauti hii. Umilikaji wa ardhi wa daima uliondolewa mwaka 1963, na ardhi yote ikawa ya umma chini ya Rais kama mdhamini wa wananchi. Kwa miaka mingi baada ya hapo fikra iliyotawala ni kwamba ardhi tupu haina bei. Chenye bei ni jasho la mtu lililo juu yake, yaani jengo, kisima, au mti. Ndiyo maana wazee wanapoeleza mauzo ya zamani husema “nilimuuzia kibanda” au “nilimuuzia mikorosho”, hata kama kibanda chenyewe kilikuwa cha fito nne, na mnunuzi alikibomoa siku ya pili. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji za mwaka 1999, zilizoanza kutumika mwaka 2001, zikatamka kuwa haki katika ardhi ina thamani yenyewe. Na marekebisho ya mwaka 2004 yakafungua njia ya kuuza hata ardhi isiyoendelezwa.

Hivyo basi, katika umri wa mtu mmoja, kitendo cha kuuza kimehama kutoka juu ya mti hadi ndani ya udongo. Sheria ilihama kwa kura ya Bunge. Maneno hayahami kwa kura. Shangazi yangu bado anauza kwa kipimo cha zamani, na mnunuzi wake ananunua kwa kipimo kipya.

Hapa yafaa kulitazama pia neno kodi. Kiswahili hutumia neno hili moja kwa malipo ya mpangaji kwa mwenye nyumba na kwa malipo ya raia kwa serikali. Wako waliolalamika kuwa huu ni upungufu wa lugha. Mimi naona kuwa kwa habari ya ardhi lugha imesema kweli. Mwenye hati ya kumiliki ardhi hapa nchini hupewa muda maalumu, kwa kawaida miaka 33, 66 au 99, na kila mwaka hulipa kodi ya ardhi. Kwa maneno mengine, mwenye nyumba naye ni mpangaji, ila mwenye nyumba wake ni dola. Anayewekeza asiyejua hili hudhani amenunua milele.

2. Kiwanja

Neno kiwanja lina uhusiano na uwanja, yaani mahali peupe palipo wazi. Katika matumizi ya siku hizi limebanwa, likawa kipande cha ardhi cha kujengea. Shamba huwa kiwanja kwa tendo moja: kupimwa. Mpima ardhi huja, huweka mawe ya mipaka, ramani huidhinishwa, na kipande kile hupewa namba. Kabla ya hapo, kwa lugha ya ofisi, hakuna kiwanja.

Lakini lugha ya dalali haingoji mpima. Kwake yeye kila shamba lililo karibu na barabara ni viwanja tangu leo. Hupima kwa hatua za miguu, hupiga vigingi vya mti, na kutangaza viwanja vya ishirini kwa thelathini. Ndipo palipozuka madaraja ya bei ambayo mnunuzi hana budi kuyajua kwa maneno yake. Kiwanja “chenye hati” ndicho cha juu. Kiwanja “kilichopimwa” kina namba, lakini hati bado. Kiwanja “kiko kwenye urasimishaji” maana yake makazi yalikwisha jengwa bila mpango, na sasa yanapangwa na kupimwa palepale yalipo. Kiwanja “cha serikali ya mtaa” hakina ila karatasi ya mauziano yenye muhuri wa mwenyekiti. Muhuri huo wathibitisha kuwa watu wawili walikutana mbele ya shahidi. Hauthibitishi kuwa muuzaji alikuwa na haki ya kuuza.

Kadhalika kuna kiwanja “cha ufukweni”, neno lipandishalo bei kuliko mengine yote Masoko, hasa kwa waliouona ufuko wa Jimbizi na kutamani kujenga hoteli. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya meta 60 za ukingo wa bahari. Basi mtu aweza kulipia ardhi yote mpaka mchangani, na sehemu iliyomvuta ndiyo asiyoruhusiwa kuijenga. Na kama mnunuzi si raia, neno “kununua” lenyewe halimfai, maana asiye raia hapati ardhi ila kwa ajili ya uwekezaji ulioidhinishwa.

3. Chumba, uani na kujitegemea

Nyumba ya Kiswahili iliyoenea katika miji ya pwani yajulikana: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, na nyuma uani penye jiko, kisima au bomba, na choo. Nyumba hii yafaa sana kupangishwa chumba kimoja kimoja. Mwenye nyumba, mara nyingi mjane au mzee, alikaa chumba cha mbele, na mwalimu, karani na mvuvi wakakaa vingine. Uani palikuwa pa wote. Kodi ilikuwa ndogo, na ndani yake mlikuwa na mambo yasiyoandikwa: kuazimana chumvi, kuangaliana watoto, kusameheana mwezi mmoja mgonjwa anapokuwa ndani.

Soko la leo limeleta daraja nyingine. Mpangaji mgeni huuliza “selfu”, yaani chumba chenye choo chake ndani. Akizidi uwezo huuliza chumba na sebule. Akizidi tena huuliza nyumba nzima yenye uzio na “masta” yake. Tangazo la dalali hueleza kuwa nyumba “inajitegemea”, au walau kuwa umeme wake una mita yake.

Msomaji wa makamo atalikumbuka neno hili. Kujitegemea ni nusu ya kauli iliyotangazwa na Azimio la Arusha mwaka 1967, nusu yake ya kwanza ikiwa ujamaa. Katika kauli ile, anayejitegemea ni taifa, au kijiji, pamoja. Katika tangazo la nyumba, kujitegemea ni kutokuwa na choo wala mita wala ua pamoja na mtu mwingine. Sisemi kuwa mpangaji anayetaka choo chake anakosa. Ni haki yake, na afya yataka hivyo. Nasema tu kuwa neno limetoka uani likaingia ndani na kufunga mlango, na bei imelifuata.

Matokeo yake kwa anayewekeza ni haya. Mwenye nyumba ya zamani ya vyumba sita huiona imebaki na wapangaji wa kodi ndogo, naye hushawishika kuibomoa ajenge selfu nne. Lakini mvuvi, mchuuzi wa samaki na kijana wa bodaboda hawakutoweka. Bado wataka chumba cha bei yao, tena walipe kwa mwezi, si miezi sita mbele. Kila nyumba ya uani inapobomolewa, wao husogezwa mbali zaidi na soko na bandari wanakofanyia kazi. Wote wajengapo selfu, selfu huzidi, na vyumba huadimika. Aliyebaki na vyumba vyake sita, akivitengeneza paa na choo, huenda akapata faida ndogo lakini isiyokatika.

4. Gofu na pagale

Kilwa yajulikana duniani kwa magofu. Yale ya Kisiwani na Songo Mnara yaliandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Gofu ni nyumba iliyokwisha kukaliwa. Pagale, kwa matumizi ya leo, ni nyumba ambayo bado haijakaliwa: kuta zimesimama, paa hakuna, na mbaazi zimeota sebuleni. Mgeni akipita barabarani huona vyote viwili kuwa uchakavu. Mwenyeji hajidanganyi, pagale ni akiba.

Sababu yake ni nyepesi. Mikopo yote ya nyumba nchini haifiki asilimia moja ya pato la taifa, na riba yake imekuwa kama asilimia 15 hadi 19 kwa mwaka. Kwa hiyo mtu wa kawaida hujenga kwa tofali, si kwa mkopo. Mavuno ya ufuta yakiwa mema, ananunua mifuko ya saruji. Mwaka mbaya ukija, pagale hungoja. Halidaiwi riba, wala halinyang’anywi na benki. Na siku ya shida huuzwa kama lilivyo. Siku hizi kununua mapagale na kuyamaliza ni daraja kamili ya biashara.

Lakini gofu lina neno la kumwambia pagale. Nyumba za Kilwa hazikuanguka kwa sababu ya udhaifu wa chokaa. Kisiwani ilisitawi kwa dhahabu iliyotoka Sofala. Wareno walipoushambulia mji mwaka 1505 na biashara ile ikavurugika, majumba hayakupata tena wa kuyakaa kama kwanza. Kivinje ikainuka katika karne ya 19 kwa pembe na, tuseme kweli, kwa watumwa. Biashara ya watumwa kwa bahari ilipopigwa marufuku mwaka 1873, fahari yake ikaanza kupungua, na majumba ya wafanyabiashara wake leo mengi ni kuta tu. Jirani zetu nao wana mafundisho. Mpango wa Karanga ulioanza mwaka 1947 uliijaza Nachingwea nyumba na watu. Ukaachwa mwaka 1951, na reli iliyojengwa kwa ajili yake ikang’olewa miaka ya 1960. Mtwara, habari za gesi zilipovuma baada ya mwaka 2010, bei za viwanja na kodi zilipanda na hoteli zikajengwa. Mradi mkubwa uliotarajiwa ukachelewa, na vyumba vingi vikakosa wageni.

Kiswahili kina maneno mawili kwa kazi hii. La kwanza ni kitega uchumi, kutokana na kutega. La pili ni uwekezaji, kutokana na kuweka. Mtegaji hutegemea njia ya mnyama: njia ikibadilika, mtego hubaki mtupu. Anayejenga leo kwa kutazama wahandisi na mafundi wa bandari ya uvuvi ametega. Wajenzi huondoka kazi ikiisha. Anayejenga kwa kuwatazama watakaobaki, yaani wavuvi, wachuuzi, walimu, wauguzi na makarani, ameweka. Nyumba zaweza kufanana kwa sura. Wapangaji wake ndio tofauti.

5. Kuuza

Sasa nirudi kwa shangazi. Tulipokwisha kusema habari ya minazi, nikamwuliza shamba lilitoka kwa nani. Akanijibu, “Shamba langu. Baba aliniachia.” Ndipo nilipotambua kuwa neno lililokuwa gumu katika karatasi ile si minazi wala eneo, bali ni hilo -angu.

Katika Kiswahili, -angu hutosha kwa mengi: shule yangu, mtaa wangu, shamba langu. Hueleza uhusiano, si lazima umiliki. Shangazi ameipalilia minazi ile zaidi ya miaka thelathini, amelipa waanguaji, amefukuza ngedere. Hakuna mtu Masoko awezaye kusema si yake. Lakini babu aliacha watoto wawili, na mirathi haikugawanywa kamwe. Kwa sheria ya Kiislamu ambayo familia yetu huifuata, fungu la binti ni nusu ya fungu la mwana. Na fungu la baba, baada ya kufa kwake, limetushukia sisi wanawe. Kwa hiyo mimi niliyeketi pale kama mshauri nilikuwa mwenye hisa, tena ndugu zangu nami tulikuwa na kubwa kuliko yake, hali sikupata kushika jembe katika shamba lile hata siku moja. Mkataba wa dalali haukuwa na nafasi ya kuandika hayo. Ulitaka jina la muuzaji mmoja na dole gumba moja.

Mauzo ya namna hii ndiyo yajazayo mabaraza ya ardhi. Mnunuzi hujenga, na baada ya miaka mitano huja mrithi aliyekuwa Tanga au Muscat. Basi kabla ya kutia fedha, yafaa mnunuzi aulize kwa maneno yaliyo wazi: Ni nini kinachouzwa, jengo, miti, ardhi, au vyote? Je, muuzaji ni mwenyewe, mrithi mmoja, au msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama? Kama ni nyumba ya ndoa, mume au mke wa pili amekubali, kama Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 itakavyo? Mahali hapo si wakfu, ambao hauuzwi? Kama ni ardhi ya kijiji, halmashauri ya kijiji imeridhia? Kama kuna hati, je, upekuzi umefanywa katika ofisi ya ardhi kuona kama ina rehani au zuio? Na muuzaji naye aulize moja: Nikitia dole hapa, nini kitabaki changu?

Sisi tuliamua hivi. Mkataba ulirudishwa bila kutiwa dole. Jamaa wamekubali kwenda Mahakama ya Mwanzo kuomba msimamizi wa mirathi, na ndugu zangu nami tumeandika kuwa minazi, yetu na yake, ataila shangazi maisha yake yote. Mnunuzi ameambiwa angoje. Akipata pengine, aende kwa heri. Shangazi hakufurahi sana kusikia mafungu yalivyo, wala simlaumu. Aliniambia kuwa laiti asingenipa karatasi ile nisome, angekuwa na fedha mkononi na shamba lake kinywani.

Nimeeleza maneno machache tu, na ya mji mmoja. Hapana shaka Kivinje, Lindi na Mikindani wana yao, na huenda Wamatumbi na Wamachinga wana maneno yanayotenga ardhi na kilicho juu yake kwa uwazi kuliko sisi. Msomaji aliye nayo na ayaandike, na karibu ya kila neno aandike ni haki gani hupita mkononi neno hilo linapotamkwa. Kwani kamusi ya namna hiyo ingewafaa wanafunzi wa lugha, na ingewafaa zaidi wale ambao kesho watawekewa karatasi mbele watie dole.